Barua ya wazi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Wilaya: Pokeeni faili zetu chini, si ghorofani, na mtuandikie kinachokosekana

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kwa heshima zote za ofisi yako. Tunaokuandikia ni sisi tunaovisaidia vikundi vya watu wenye ulemavu kujaza fomu za Ruzuku Maalumu ya Taifa, huku mashariki mwa Uganda karibu na mpaka. Wiki iliyopita, siku ya mwisho ya kupokea maombi, faili zilirudishwa kwa wenyewe kwa sababu nakala za vitambulisho zilikuwa za kadi zilizoisha muda. Mheshimiwa, kinachoisha muda ni kadi. NIN, yaani namba ya utambulisho wa taifa, mtu hupewa moja na hubaki nayo maisha yake yote, na fomu inataka namba. Kama kadi mpya ilihitajika, hilo lingesemwa siku faili zilipoletwa. Halikusemwa kwa sababu hakuna aliyezifungua.

Ruzuku hii ilianza mwaka wa fedha 2009/10. Hapewi mtu mmoja mmoja, hupewa kikundi chenye mradi, na haizidi shilingi milioni 5. Hata hivyo, hadi leo mtu akifika mlangoni akitaja ulemavu huelekezwa kwenye foleni ya SAGE, posho ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wazee wa umri mkubwa. Au huambiwa aende parishi, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, akaombe PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ambao hutoa mkopo wa shilingi milioni 1 kwa kaya, na mkopo hulipwa. Kijana kiziwi anayeelekezwa hivyo hupoteza siku nzima na nauli, kwa kuwa hakuna hata mmoja mlangoni anayejua lugha ya alama.

Tunakuomba utazame faili zinakokwama. Kikundi hukaa kikao, huandika katiba na muhtasari, huchagua viongozi, hupata barua ya mwenyekiti wa LC I (baraza la kijiji), hujisajili gombolola, ngazi iliyo juu ya parishi, kwa CDO (afisa maendeleo ya jamii wa huko), kisha hufungua akaunti ya benki. Hapo kwenye benki ndipo mambo mengi huharibika. Jina la kikundi kwenye cheti cha usajili lisipolingana herufi kwa herufi na jina la akaunti, malipo hurudi. Neno moja likifupishwa linatosha kuyarudisha. Majina ya wanachama nayo yakiandikwa kwa mpangilio tofauti na ule wa kitambulisho, orodha hukataliwa. Mweka hazina asiyeona hutakiwa kuweka dole gumba mbele ya shahidi, na benki nyingine hukataa shahidi aliye mwanachama wa kikundi. Aliyepoteza vidole kwa ukoma hukwama mapema zaidi, kwenye mashine ya kusajili alama za vidole. Halafu akaunti ikikaa miezi bila fedha kuingia, benki huifunga, na cheti cha usajili nacho huisha muda wake faili ingali mezani kwenu. Kikundi huanza upya, na gharama zote hizo hutoka mfukoni mwa watu wasio na kipato.

Makosa haya yote hurekebishika kwa siku chache, mradi mtu aambiwe mapema. Yakigunduliwa Juni hayana dawa tena, maana mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 na fedha ambazo hazijatumika hurudi hazina.

Tunadhani watumishi wako ni wachache, na pengine mafuta ya pikipiki ya kwenda kukagua miradi vijijini hayatoshi. Kama ndivyo, tuambieni, tutasimama nanyi kwenye kikao cha bajeti. Lakini kufungua faili mbele ya mwenyewe na kuisoma hakuhitaji mafuta.

Tena ofisi yenyewe iko ghorofani. Anayetumia kiti cha magurudumu humlipa bodaboda, humlipa na wa pili wa kubeba kiti, kisha hubaki uani akimtuma mtoto apande ngazi na karatasi. Mtoto huulizwa maswali asiyoweza kuyajibu, hushuka, hupanda tena. Mheshimiwa, tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, ofisi yako iliahidi mbele yetu meza itakayokuwa huku chini ya ghorofa na mkalimani wa lugha ya alama. Tulipiga makofi kwa moyo mmoja. Ibara ya 35 ya Katiba inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa utu wake, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inataka majengo ya umma yafikike. Hatukuja kuomba hisani.

Hatudai ghorofa ibomolewe. Hata njia ya mteremko tutaisubiri. Tunachoomba sasa ni meza moja chini, siku moja kila wiki, na mtumishi mmoja wa kuisoma faili hapo hapo. Amwandikie mwenyewe karatasi yenye tarehe, muhuri na orodha ya kinachokosekana. Kama hakuna kinachokosekana, aandike kwamba faili imekamilika, ili asije mwingine baadaye na sharti jipya.

Na hizo faili za wiki iliyopita, Mheshimiwa, zipokeeni. Namba za NIN zimo ndani.

Wako katika utumishi,

Wasaidizi na walezi wa vikundi vya watu wenye ulemavu