Tuonee kilima-mrota huruma

Mhariri, habari ya kazi. Mimi naishi Kayole lakini kwetu ni Sagalla, ule mlima unaouona ukifika Voi, na naomba nafasi kidogo nimtetee mnyama mmoja.

Juzi kijana wangu alitoka shule akiniambia wamefunzwa salamanda wa misitu ya Marekani, wale wanyama wako kama mjusi lakini ni jamii ya chura, hawana mapafu wanapumua na ngozi, akaniuliza baba, sisi tuko nao? Nikamwambia salamanda hatuna lakini tuko na ndugu yake, tena huyu wetu hata miguu hana. Kwetu tunamwita kilima-mrota. Ni amfibia kama chura, anaishi ndani ya udongo, na wa Sagalla hapatikani mahali pengine popote duniani, wataalamu walimpa jina la kisayansi 2005 tu hapo.

Shida watu wanadhani ni nyoka mdogo. Nimeona mara ngapi jembe likimkata vipande viwili na mtu anaendelea kulima. Na hana sumu ya kukudhuru jameni, chakula chake ni mchwa na nyungunyungu. Ukimweka kwa mkono ana pete pete mwili mzima, anateleza, macho huyaoni yako chini ya mfupa, na hatulii, anasukuma sukuma katikati ya vidole na kichwa akitafuta mahali pa kuingia.

Halafu kuna yule wa Milima ya Taita, huyo 2006 ilijulikana kwamba mama analisha watoto ngozi yake. Ngozi ya juu inanona mafuta, watoto wanazaliwa na meno ya kuibambua, wanamtambaa mwili mzima wakila, na mama kwa wiki moja anapoteza karibu asilimia 14 ya uzito wake. Kijana wangu alinyamaza kabisa niliposoma hiyo.

Sasa kitu kinaniuma ni mikaratusi. Sisi wenye tuko Nairobi ndio tunapiga simu nyumbani tukisema pandeni kando ya kijito pale, inakua haraka, nguzo zinauzika, na mimi nilituma pesa ya miche mwenyewe. Huo mti unakunywa maji mpaka udongo unakuwa kavu na mgumu kama sakafu, na mnyama anayechimba na kichwa atapita wapi hapo? Yeye anataka udongo mwororo wenye unyevu, majani yanayooza, pale chini ya migomba.

Ndugu zangu wa Sagalla mlio hapa mjini, mkipiga simu tena waambieni wapande miti ya kienyeji kando ya maji. Mimi Disemba naenda kukata yangu yote ya pale kijitoni na kung'oa visiki maana ukiviacha vinachipuka, na mama nimeshamwomba mashina ya migomba asichome, ayaache yaoze hapo hapo shambani.

Mkaazi wa Kayole,
Nairobi