Shimo hili ni la nani?

Mhariri,

Wakazi wa Kampala walipomwaga picha za mashimo ya barabarani mtandaoni Aprili 2023, Rais Museveni aliagiza jiji lipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Sisi wa miji midogo hatuna sauti ya namna hiyo.

Karibu na kituo chetu cha bodaboda pana shimo ambalo mvua imelichimba hadi maji yake hufika magotini, na vijana wamechomeka humo tawi la mwembe liwe onyo. Nilipolipeleka jambo hilo kwenye halmashauri, niliambiwa barabara si yao. Ni kweli kwamba barabara kuu ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na zile za wilaya na miji ziko chini ya serikali za mitaa, lakini mpita njia ataijuaje mipaka hiyo pasipo kibao? Naomba kila barabara iwekewe kibao chenye jina la ofisi inayoitunza na nambari ya simu, na anayeripoti apewe nambari ya kumbukumbu, ili akirudi asianze upya, kama nilivyoanza mimi mara tatu.

Wako,
Mwendesha bodaboda,
Uganda Magharibi