Siku uliyoikosa usiilipe: barua kwa mwanangu anayejiandaa na kilomita 21

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako tumezipata. Huku Manyoni hatujambo, alizeti tumeanza kuzivuna na mgongo wa mama yako umetulia. Habari kwamba umejiandikisha kukimbia kilomita 21 mwezi wa saba nimeipokea kwa furaha kubwa, na majirani wote wameshaisikia.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Baba, wiki kumi zinatosha?" Nikakujibu zinatosha, kisha mtoto akalia ukakata. Nataka leo nikujibu vizuri, maana jibu lile lina masharti. Wiki kumi zinatosha kwa mtu mzima mwenye afya anayeweza tayari kukimbia kilomita tano bila kusimama, kama wewe. Hazitoshi kwa mtu anayetaka kufidia kila siku aliyoikosa. Wewe, mama, tangu utoto huwezi kulala na deni. Ndiyo maana nakuandikia.

Ujue kwanza ukubwa wa safari yenyewe. Hapo Dodoma, kutoka Nyerere Square mjini hadi Mtumba unakofanyia kazi ni kilomita kama 17. Mbio zako ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Maana yake ukikimbia kutoka mjini mpaka getini kwa ofisi yenu, bado zaidi ya kilomita nne zinakusubiri. Siku ukiwa kwenye basi la asubuhi, acha simu, angalia barabara ile yote kupitia dirishani. Mwili wa mtu asiyezoea haufanyi safari hiyo kwa ujasiri peke yake.

Sasa ratiba. Unatoka nyumbani alfajiri, unarudi jioni, mtoto anataka kunyonya, chakula kinataka kupikwa. Umeniambia unaweza kupata Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku tatu zinakutosha, na ukipata ya nne nakuomba ulale.

Jumanne kimbia nusu saa polepole, basi. Alhamisi weka kasi kidogo: dakika kumi za kupasha mwili moto, kisha dakika tatu za haraka na mbili za taratibu, urudie mara tano, urudi nyumbani. Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Hiyo usimpe mtu, hata wa kanisani, hata wa harusi, kama inawezekana. Mwambie mkwe wangu kwamba mimi nimesema Jumamosi asubuhi mtoto ni wake.

Jumamosi ya kwanza kimbia kilomita saba. Inayofuata nane, kisha kumi, halafu urudi nane ili mwili upumue. Baada ya hapo 12, 13, urudi tena kumi, kisha 16. Ukishafika 16 huna haja ya kwenda mbele zaidi kabla ya mbio. Watu watakuambia lazima ukimbie 21 kwanza ndipo uwe na uhakika. Wenye miaka ya mazoezi wanaweza kufanya hivyo. Wewe utazimalizia zile tano za mwisho siku yenyewe, ukiwa umepumzika na watu wanakushangilia. Jumamosi mbili zinazobaki ni za kushuka: ya kwanza kilomita kumi, na ile ya mkesha wa mbio dakika 20 tu za kunyoosha miguu au usikimbie kabisa. Mazoezi ya wiki ya mwisho hayawahi kukuongezea nguvu kabla ya Jumapili. Yanakuongezea uchovu tu.

Mwendo wa Jumamosi uwe wa kuongea. Hapo Dodoma vikundi vya jogging vimejaa, tafuta kimoja cha jirani hapo Kisasa, kwanza kwa usalama wako, maana sitaki ukimbie gizani peke yako. Pili, wanaimba. Ukiweza kuitikia wimbo mpaka mwisho wa mstari bila kukata pumzi, uko kwenye mwendo wako. Ukishindwa kuitikia, wanakukimbiza, waache waende na urudi nyuma na wale wa mwisho. Vaa kizibao cha rifleta, na mkiwa hamko kwenye msafara kimbia upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari na bodaboda vinavyokuja usoni kwako.

Naijua barabara ya Iyumbu kupandisha Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Mkifika kwenye ule mlima, fupisha hatua, inua magoti kidogo tu, macho yawe mita chache mbele. Ukiona pumzi inakuzidi, tembea, na utembee kwa haraka. Kupanda huku unatembea mwanzoni mwa mazoezi ni akili, wala si unyonge. Kinachonipa wasiwasi ni kushuka. Wageni wa mbio hufurahia mteremko, wanaachia miguu, na kesho yake hawawezi kukaa chini, kwa sababu misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki kila hatua. Shuka kwa hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya mwili wako, usitupe mguu mbele.

Halafu kuna upepo. Kuanzia mwezi wa sita Dodoma inapuliza vumbi unalolijua. Anza safari ukiwa unakwenda dhidi ya upepo, urudi ukiwa unakusukuma. Ukifanya kinyume, utatoka jasho ukienda na kugandishwa na baridi ukirudi umechoka. Mwezi wa saba alfajiri ya Dodoma inataka shati la mikono mirefu la kuvua baadaye. Jua likishapanda, halina huruma.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Nimefundisha michezo shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, nimepeleka watoto UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, mara nyingi, na walionivunja moyo zaidi hawakuwa wavivu. Wavivu hawaumii. Alikuwepo kijana mmoja, mwepesi, mwenye pumzi za ajabu. Aliugua malaria wiki mbili kabla ya mashindano. Alipopona akaanza kukimbia asubuhi na jioni ili kurudisha siku alizolala. Siku ya nne alianza kulalamika ugoko. Tukabonyeza kwa kidole, sehemu moja tu ndogo juu ya mfupa ilikuwa inamuuma mpaka anaruka. Mfupa ulikuwa umepata ufa. Hakukimbia mwaka ule.

Sababu yake ni hii. Moyo na mapafu hujifunza haraka, ndani ya wiki chache tu utaona hupumui kwa shida kwenye kilima kilekile. Kano na mifupa huchukua miezi. Kwa hiyo kuanzia kama wiki ya nne utajisikia hodari, utataka kuongeza, na ndipo hatari ilipo, kwa kuwa pumzi imetangulia na miguu bado iko nyuma. Ni kama tofali bichi: nje limekauka, ukilibeba linakatika katikati. Usipime miguu yako kwa pumzi yako.

Hivyo, ukikosa siku moja kwa sababu ya kazi au homa ya mtoto, imekwenda. Usiikimbie kesho yake juu ya ile ya kesho. Ukikosa wiki nzima, rudia wiki uliyoifanya mwisho, uendelee kutoka hapo, na ile Jumamosi ya kilomita 16 igeuke kuwa ya 14. Ukikosa wiki tatu, nenda kwa waandaaji uulize kama wanakubali ubadilishe ukimbie kilomita kumi. Nitakuja kukushangilia kwenye kumi vilevile, na mama yako atapiga vigelegele vilevile.

Maumivu yote si sawa. Misuli ikiuma pande zote mbili, ikilegea ukishapata joto, hiyo ni kazi imefanyika. Maumivu ya upande mmoja, ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi kadiri unavyokimbia au yanayokuamsha usiku, hayo ni ya daktari. Na tafadhali usimeze diklofenaki au dawa nyingine ya maumivu ili ukimbie. Najua watu wanafanya, wanapeana kabla ya kuanza kama pipi. Mwili ukiwa umepungukiwa maji na umechoka, dawa hizo zinaweza kuumiza figo, na tumbo nalo haliziwezi. Tena zinakuficha taarifa ambayo mwili unakupa kwa faida yako.

Usingizi. Hapa ndipo nakuonea huruma zaidi, maana mtoto anakuamsha. Usiku ukilala vibaya, siku inayofuata ikiwa ni Alhamisi, acha zile za kasi, kimbia polepole nusu saa au lala. Mwili hujengwa ukiwa umelala. Mengine ya mwili baada ya uzazi mama yako atakupigia mwenyewe, ila nenda kapime wingi wa damu. Mama anayenyonyesha na kukimbia akiwa na damu pungufu hujilaumu kwamba hana bidii, kumbe hana damu.

Viatu. Nakushauri usiende dukani kwanza. Nenda soko la Sabasaba kwa wauza viatu vya mitumba, jioni, wakati miguu imevimba kidogo kama itakavyovimba kwenye mbio. Geuza kiatu uangalie soli. Ikiwa kisigino kimelika upande mmoja, mwenye kiatu aliyetangulia amekuachia mwendo wake, kirudishe. Bonyeza soli nene kwa pembeni kwa kidole gumba: ikirudi haraka bado ina uhai, ikibaki na mikunjo imechoka. Kipinde mbele, pale vidole vinapojikunja, kipindike hapo na si katikati. Ukivaa, pabaki nafasi ya kidole gumba mbele ya kidole chako kirefu, la sivyo kucha zitageuka nyeusi. Vinunue mapema, uvikimbilie wiki zote hizi. Usivae kitu chochote kipya siku ya mbio, hata ile fulana watakayokupa, mpaka uwe umeimaliza safari. Mahali panaposuguana paka mafuta ya mgando.

Chakula sina mengi. Unakula vizuri. Usibadilishe kitu wiki ya mbio. Maharage na mlenda viache usiku wa kuamkia. Asubuhi kunywa uji au kula kipande cha mkate na chai, muda wa kama saa mbili kabla ya mbio kuanza. Tunakutumia asali ya huku kwetu. Ifunge kwenye vipakiti vidogo vya nailoni, ulambe kimoja ukifika dakika ya 45 na kingine baada ya nusu saa nyingine, na maji mafunda machache. Ijaribu kwanza kwenye zile Jumamosi ndefu, usije ukaujua ugomvi wake na tumbo siku ya watu. Maji kunywa kwa kiu. Kujijaza maji kila kituo ukiwa polepole kunaweza kushusha kiwango cha chumvi kwenye damu, na hilo ni ugonjwa wa kweli.

Siku yenyewe, watu wataondoka kama wamefukuzwa. Waache. Ukienda kila kilomita kwa dakika saba na nusu utamaliza kwa saa mbili na dakika 38, na ukienda kwa dakika nane ni saa mbili na dakika 49 hivi. Uliza mapema muda wa mwisho wa waandaaji ili ujue nafasi uliyonayo. Tangu mwanzo, kimbia dakika tisa utembee moja, usisubiri kuchoka ndipo utembee. Kilomita saba za kwanza unapaswa kuona kwamba unajizuia.

Kijana wetu wa Ikungi, mkimbiaji Alphonce Simbu, alinifundisha jambo hili nikiwa mzee. Kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo, Septemba 2025, Mjerumani Amanal Petros aliingia mita za mwisho akiwa mbele, Simbu akamfikia kwenye utepe. Wote waliandikiwa muda wa saa mbili, dakika tisa na sekunde 48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Mtu wa Singida, hapa jirani. Nilichokipenda zaidi ni kwamba alikuwa na kitu amekibakiza. Wewe pia bakiza, ukitumie kuanzia kilomita ya 16.

Na usiniletee habari za John Stephen Akhwari. Ninamheshimu sana mzee yule wa Mbulu aliyemaliza marathoni ya Olimpiki Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji. Lakini alikuwa mkimbiaji wa marathoni aliyejengwa kwa miaka, tena alitumwa na nchi. Wewe hukutumwa na mtu. Mguu ukigoma kwa maumivu makali, ukiona kizunguzungu au kifua kikibana, toka pembeni umwite mtu wa msalaba mwekundu, mwakani mbio zitakuwepo.

Sisi tutafika Jumamosi ya mkesha. Usije kutupokea stendi, atakuja mkwe. Wewe kaa umeinua miguu. Niandikie ni upande gani wa barabara tusimame na saa ngapi utapita, maana mama yako ameshaanza kuniuliza. Kilomita ya Jumamosi hii nitumie kwa ujumbe ukishamaliza, na uniambie kama uliweza kuitikia wimbo.

Nibusie mjukuu wangu.

Ni mimi baba yako.