Msiwalaumu madereva, kisomeni kwanza kibao

Mhariri,

Nimeusoma ukurasa huu miaka mingi bila kuandika hata mstari. Ripoti yenu ya wiki jana kuhusu malori yanayorudi kinyumenyume kwenye makutano ya Njoro, hapa Nakuru, ndiyo imenitoa kimya. Mwandishi wenu amewaita madereva wakaidi, kisha akataka polisi waongezwe. Sina hakika kama aliinua macho akatazama kibao cha barabarani kinachoonyesha njia ya kutokea.

Mimi ni fundi wa vibao, na hesabu ya karakana yetu haina siasa. Trela inayotoka Lanet kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa inameza mita 22 kila sekunde. Kila sentimita moja ya kimo cha herufi humpa mwenye macho mazima kama mita 4 za kusomea. Kwa hiyo herufi ya sentimita 10 huanza kusomeka ukiwa umebakisha mita 40, yaani hata sekunde mbili hazitimii. Katika muda huo dereva asome, aelewe, atazame kioo, awashe indiketa, aingie leni ya kushoto ambako tayari kuna matatu na boda boda wawili, halafu ndipo aguse breki. Mgongoni ana tani 28 za mbolea. Nani hapo ni mkaidi? Herufi ya sentimita 30 ingempa mita 120, sekunde tano na ushei, na hata hizo peke yake hazitoshi. Ndiyo maana kibao cha kwanza hakisimikwi penye njia ya kutokea. Husimikwa kilomita moja kabla, cha pili mita 500, kisha vile vidogo vya mistari: mitatu ukibakisha mita 300, miwili mita 200, mmoja mita 100. Kile cha mwisho, kwenye pembe leni zinapoachana, si cha kumpa mtu habari. Ni cha kumwonyesha uwazi uko wapi, basi. Anayekitegemea hicho kimoja kuwaambia watu waendako anawategea mtego.

Na akipitwa, afanye nini? Ukishavuka hapo barabara pacha inaisha, unaingia ile nyembamba ya kwenda Ngata na Salgaa, na chombo cha mita 17 hakigeuzwi kando ya barabara kama mkokoteni. Dereva anapiga hesabu ya dizeli, anatazama kioo, anamtuma taniboi ashuke akasimame nyuma, anarudi kinyumenyume. Ni kosa, tena la kuua. Lakini lilianzia kwenye meza ya aliyechora kibao.

Kuna kibao kililetwa karakanani juzi kirekebishwe. Sitasema cha nani wala kilitoka barabara gani. Mchana kilikuwa maridadi: buluu imekolea, maandishi meupe kama maziwa. Kukijaribu, unazima taa za karakana, unasimama mita 10, unashika tochi kando ya jicho. Kando ya jicho, si kiunoni, kwa sababu rifleketa, ile karatasi ya kung'aa inayobandikwa juu ya bamba, hurudisha mwanga kule kule ulikotoka, na ukiishika chini mwanga utalirudia tumbo lako. Tulipoimulika, buluu iling'aa vizuri sana. Jina la mahali halikuwepo. Herufi zilikatwa kwenye stika ya kawaida ya dukani, ile ya kubandika kwenye vioo vya saluni, kwa hiyo usiku kibao kilikuwa bamba la buluu lenye mabaka ya kijivu. Aliyefanya hivyo aliokoa hela kidogo kwenye herufi, sehemu pekee inayosomwa. Tukaanza kubandua. Alumini haikuwa imesuguliwa wala kufutwa kwa spiriti, bado ilikuwa na mafuta ya kiwandani, na rifleketa ikatoka kama ganda la ndizi. Vipande viwili vilitoka kwenye roli tofauti, kimoja kimegeuzwa upande. Mchana huoni kitu, usiku nusu ya kibao inawaka na nusu imelala. Ribiti zilipigwa usoni juu ya rifleketa, maji yakaingia kwenye kila tundu, kukawa na malengelenge kama ya mtu aliyemwagikiwa uji. Bamba zuri hushikwa kwa reli za nyuma, uso usiguswe. Na likisimikwa, ligeuzwe kidogo kwenda nje ya barabara, nyuzi tano hivi zinatosha, la sivyo taa za gari zinarudi zikimpofusha dereva badala ya kumwonyesha njia. Haya yote ni kazi ya asubuhi moja.

Mkishasikia hayo, tazameni leni yenyewe ya kutokea. Lori lililojaa linataka kama mita 180 kushuka kutoka 80 hadi 40 bila kuusukuma mzigo mbele. Leni hiyo hujengwa kwa kazi hiyo tu. Sisi tumeigeuza steji. Matatu zinapanga foleni humo zikiita abiria, nyuma yao kuna jiko la mahindi ya kuchoma na boda boda wamekaa kwa pikipiki miguu juu. Dereva aliyebahatika kusoma kibao anakuta mlango umefungwa na wauza mahindi, anabaki kwenye barabara kuu akishika breki, na wa nyuma yake anampigia honi kana kwamba yeye ndiye amekosea. Sisemi mahindi yafukuzwe. Nasema steji ijengwe mbele, baada ya magari kuacha barabara kuu, yenye kituo chake na kivuli.

Halafu kuna gundi. Kibao kikipata wiki mbili kinabandikwa mganga wa kurudisha mpenzi, vyumba vya kupangisha, na mwaka wa uchaguzi ukikaribia, uso wa mheshimiwa juu ya mshale wa kwenda Mau Narok. Anayetumwa kusafisha huja na kisu na thina. Kisu kinakwaruza, thina inayeyusha, na kibao kilichokuwa na miaka saba au kumi ya kazi kinakufa kwa adhuhuri moja. Maji, sabuni na kitambaa laini. Karatasi ikigoma, ilowekwe tena. Wengine hawahangaiki kusafisha, wanakuja na spana usiku. Marufuku ya biashara ya vyuma chakavu ya Januari 2022 iliondolewa Mei mwaka huo huo, na mizani ya skrepu haimuulizi mtu alumini yake ilikuwa ikielekeza wapi. Dawa yake iko: nati ambazo kichwa hukatika ukishazikaza, zisishikwe na spana tena, au bamba la faibaglasi ambalo hakuna wa kulinunua kwa kilo.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ya upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175, uliozinduliwa Novemba 2025 na ambao utapita hapa kwetu. Vibao vyake vitakatwa karibuni kama havijaanza kukatwa. Tumetangaziwa ada ya shilingi 8 kwa kilomita. Kwa bei hiyo herufi ya sentimita 40 si anasa. Waandike pia majina ambayo mgeni anayajua. Dereva wa kutoka Kampala hana habari na mitaa yetu ya Section 58 wala Free Area. Mwandikieni mji mkubwa ulio mbele, kisha mtaa chini yake, na herufi ya kwanza tu iwe kubwa, maana neno lenye vimo tofauti hutambulika kwa umbo kabla halijasomwa. Na pale panapotokea katikati ya Nakuru waandike jiji. Tulipandishwa hadhi Desemba 2021 na vibao havijapata habari.

Pendekezo langu ni hili. Kabla mkandarasi wa vibao hajalipwa, mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi apandishwe kwenye kabini ya trela pale Gilgil saa tano usiku, mvua ikinyesha, taa za chini, wipa moja imekufa, mwendo 80. Asome kila njia ya kutokea kwa sauti, na taniboi ashike saa. Akikosa ya Njoro, trela isirudi kinyumenyume, tusije tukaandikwa tena gazetini. Imfikishe Salgaa, ashuke, atafute matatu ya kumrudisha.

Fundi wa Vibao,
Lanet, Nakuru