Shukrani kwa aliyeniuliza swali moja tu

Ndugu yangu, jina lako sikulipata, lakini kila nikitazama saa nakukumbuka.

Siku tatu nilihangaika kuunganisha saa yangu janja ya PineTime na simu ya Linux kwa Bluetooth. Nilizima, nikawasha, nikaondoa Amazfish (programu ya simu inayowasiliana na saa) na kuiweka upya. Saa haikuonekana kabisa. Nikaanza kuilaumu simu. Wewe hukunihubiria. Uliniuliza tu: "Simu yako ya zamani iko wapi?" Kumbe ilikuwa mezani, imewashwa, imeing'ang'ania saa kimyakimya! Ukanieleza kwamba InfiniTime (programu inayoendesha saa hiyo) ikishaunganishwa na simu moja huacha kujitangaza, hivyo simu nyingine itatafuta weee bila kuiona.

Kisha ukanisubiri (uvumilivu huo mimi sina) nikafungua bluetoothctl (zana ya kusimamia Bluetooth kwa kuandika amri), nikafuta mabaki ya majaribio yangu yote, nikaanza upya. Tarakimu 6 zikatokea kwenye kioo cha saa, nikaziandika kwenye simu, na mara Amazfish ikarekebisha tarehe na wakati. Ujumbe wa kwanza ulipotikisa mkono wangu, nilicheka peke yangu.

Ahsante sana. Ile simu ya zamani nimeizima Bluetooth.