Miswada yetu haina wa kuisoma

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa fasihi Jumamosi iliyopita ulimtaja Toni Morrison kwa sentensi moja tu: mwandishi wa Marekani, mshindi wa Nobel ya 1993. Sawa. Ila mmeruka lile linalotuhusu sisi tunaohangaika na miswada huku Lamu.

Mama yule alikuwa mhariri kabla hajatoa riwaya hata moja. Alianza na vitabu vya shule mjini Syracuse mwaka 1965, ameshaachana na mumewe, analea wanawe wawili. Baadaye akahamia kampuni ya uchapishaji ya Random House, New York, akabaki huko hadi 1983. Riwaya zake akiziandika alfajiri watoto hawajaamka. Kutwa yuko na kazi za wenzake. Gayl Jones na Toni Cade Bambara walipita mikononi mwake, na hata tawasifu ya Muhammad Ali. Mwaka 1972 alitoa mkusanyiko wa fasihi ya Afrika, Achebe na Soyinka wakiwemo.

Tena uhariri ulimlipa. Akiandaa kitabu cha picha na hati za historia ya watu weusi, kilichotoka 1974, alikutana na habari ya gazeti kuukuu kuhusu Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky mwaka 1856, na alipokamatwa akamuua bintiye asirudishwe utumwani. Humo ndimo ilimotoka riwaya yake Beloved, mwaka 1987.

Mimi nina kibanda cha kupiga chapa na fotokopi hapa Langoni. Wateja wangu wengi ni wa barua za ardhi na kadi za harusi, ila wa hadithi hawakosekani. Mzee mmoja, baharia mstaafu, aliniletea madaftari ambayo kurasa zake zimegandana kwa unyevu. Ndani mna sura ya jahazi lililopwelewa usiku kwenye mkondo wa Mkanda, mabaharia wanagombania maji ya kunywa huku wakingoja bamvua, yale maji makuu ya kuliinua. Niliipiga chapa mkono ukinitetemeka. Lakini kabla ya kuifikia, msomaji anapitishwa nasaba za babu na babu zao, kurasa kwa kurasa.

Mswada ukaenda kwa mchapishaji mmoja Nairobi. Ulikaa huko zaidi ya mwaka, ukarudi na mstari mmoja: haulingani na mahitaji yetu kwa sasa. Nilifunua karatasi zote. Hakuna hata alama ya kalamu.

Nilimwambia, "Mzee, si uanzie jahazi linapopwelewa?" Akacheka. "Wewe piga tu, mwanangu." Ana haki, mimi ni mpiga chapa, neno langu lina uzito gani?

Wachapishaji husema riwaya za Kiswahili haziuziki zisipowekwa shuleni. Huenda. Ila kumwonyesha mtu ukurasa wa kuanzia kunahitaji kalamu na mtu aliyesoma mpaka mwisho, basi.

Nanyi gazetini mna sehemu yenu. Mnapohakiki kitabu, mtajeni na mhariri wake. Kama hakuwepo, andikeni hakuwepo.

Mpiga chapa,
Langoni, Lamu