Jumamosi tunakula mboga za Mgeta

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunakutana kwa mama ntilie yule wa nyuma ya soko, saa saba kamili mchana. Kamili, jamani.

Najua mwezi uliopita tuliumbuka. Ubaoni "samaki fresh wa Mtera", bei nayo ya fresh, kumbe sato katoka kwenye friza, barafu haijaisha mgongoni! Safari hii nimekwenda mwenyewe jana asubuhi mpaka jikoni. Nimekuta tenga limeshuka kutoka Mgeta, kule milimani Morogoro: figiri, karoti zenye udongo mbichi, mchicha una matobo ya wadudu. Matobo si ushahidi kwamba haikupigwa dawa (hata iliyopigwa dawa hutobolewa), kwa hiyo nikamuuliza mama analetewa na nani na wanatumia mbolea gani. Akajibu bila kubabaika: shemeji yake, samadi ya mbuzi. Cheti cha kilimo hai, yaani cha kulima bila dawa wala mbolea za viwandani, hana. Wanaotaka cheti watafute nembo ya Kilimohai, ile ya Afrika Mashariki ya tangu 2007, lakini hiyo mtaiona kwenye pakiti dukani, si kwenye sahani ya ugali.

Kuku wa kienyeji haivi haraka, kwa hiyo anayemtaka aniambie kabla ya Alhamisi usiku. Wengine ni kisamvu cha karanga na dagaa. Shilingi 12,000 kwa kichwa, soda kila mtu na yake. Tumeni kwa mweka hazina, siyo kwangu, mimi nitazila.

Walioahidi kuja na watoto, idadi tafadhali.